Kabla Hujasema "Alijua"

Wadogo zangu wa Salamabila, wa Kasongo na wa Kabambare, na ninyi mliokwisha kuvuka ziwa mkatawanyika Kigoma, Bujumbura na huko mbele zaidi, sogeeni. Leo Yaya wenu ana neno ambalo halina sukari. Ni habari ya vijana wanaokamatwa kwenye viwanja vya ndege vya nchi za watu, unga wa dawa za kulevya ukiwa ndani ya valizi, na namna sisi tuliobaki nyumbani tunavyowahukumu kabla jaji hajafungua hata karatasi ya kwanza.

Maana nawasikia. Sokoni, kwenye foleni ya maji, juu ya moto mkiwa mmebanana na mizigo yenu: "Huyo alijua." "Tamaa ya makuta." "Na yule dada, zile nywele unafikiri alikuwa ananunua na nini?" Kisha kicheko kidogo, kisha mazungumzo yanahamia bei ya gramu ya dhahabu. Sisemi mna roho mbaya. Habari ya namna hiyo inatisha, na mtu akitishika hutafuta upesi sababu ya kusema kwamba yeye si kama yule aliyepatwa. Ukishasema "alijua", unalala vizuri: kumbe mimi nisiyejua kitu, salama yangu ipo. Nakuelewa, mdogo wangu. Ila usingizi huo ndio unaoniogopesha mimi.

Mtazameni dada mmoja wa Kenya. Julai 2023 alikamatwa uwanja wa Tan Son Nhat, mjini Ho Chi Minh kule Vietnam, valizi yake ikiwa na kokeini zaidi ya kilo 2. Alieleza kwamba mtu mmoja wa Nairobi alimpa kazi ya kupeleka valizi Laos, akamlipia tiketi, akampa dola 1,300, na kwamba hakujua kilichofichwa ndani. Machi 2025 mahakama ikamhukumu kifo. Siku zile Kenya iligawanyika. Wako waliofunga na kuomba, serikali yao ikawa inazungumza na serikali ya Vietnam, mama mzazi akalia mbele ya kamera kuomba mtoto wake asiuawe. Na wako waliosema alijua anachofanya, sheria ichukue mkondo wake, asitusumbue. Juni mwaka huohuo Bunge la Vietnam likafuta adhabu ya kifo kwa makosa manane, na kosa la kusafirisha dawa za kulevya likawa mojawapo. Walioshangilia hukumu ya kifo ya yule dada sijui walijisikiaje kuona waliotunga sheria ile wenyewe wamelegeza mkono.

Alijua au hakujua? Mimi si jaji wake, na wewe pia si jaji wake. Ninachokuuliza ni hiki: sura ya dada yule kila mtu aliiona kwenye telefone. Yule aliyempa valizi, uliwahi kuona picha yake? Watu wa namna yake hawana picha. Mmoja akifungwa, wao wanatafuta mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa mtu aliyecheka kuliko wote habari ya kwanza ilipofika, kwa kuwa anaamini mambo yale ni ya wajinga na wenye tamaa peke yao. Wazee walishasema, mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Tumezoea kuwagawa waliokamatwa mafungu mawili: mtakatifu aliyedanganywa, au shetani aliyeuza roho. Mimi naamini wengi wao hawakai katika fungu lolote kati ya hayo. Ni watu waliojua nusu. Walihisi kitu. Tiketi ilikuwa ya bure kupita kiasi, tajiri alikuwa mpole kupita kiasi, na swali likafika kwenye ulimi kisha likamezwa, kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa, au minervali ya kalasi ilikuwa inadaiwa, au deni la shimo lilikuwa halijalipwa. Ninyi mnaoishi na machimbo hamhitaji kuelezwa deni la shimo. Mtu anakopeshwa chakula na vifaa, anachimba miezi, jiwe linakataa kutoa, na aliyemkopesha anapiga hodi kila asubuhi. Mtu wa hivyo akiambiwa "peleka tu begi hili, ukirudi umemaliza madeni", haulizi tena. Anaogopa jibu.

Kutouliza ni kosa, na nalisema waziwazi msije mkadhani Yaya anawabembeleza. Unga ule hauishii kwenye valizi, unaishia ndani ya mwili wa mtoto wa mtu. Waulizeni akina mama wa Mombasa na wa Unguja ambao vijana wao waliisha kwa sindano mbele ya macho yao. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa waathirika dawa ya methadoni, wanapanga mstari kuinywa mbele ya muuguzi, siku baada ya siku, ili waweze kuishi kama watu. Kwa hiyo anayebeba akijua, ana dhambi ya kujibu na kifungo cha kutumikia. Hilo simpunguzii mtu. Lakini kifungo kinatolewa na mahakama. Sisi nani alitupa kazi ya kuongeza kingine juu yake, cha mama yake na watoto wake?

Maana ndivyo inavyokwenda. Mchuma janga hula na wa kwao, nasi tunahakikisha wa kwao wanakula mpaka washibe. Mama wa kijana anaacha kwenda sokoni saa za watu wengi. Mdogo wake anaambiwa kalasini "ndugu yako ni muuza unga". Uchumba wa dada yake unavunjika, na aliyeuvunja hasemi sababu. Baba anapiga marufuku jina la mtoto wake kutajwa nyumbani. Na huko gerezani, mbali na kila anayemjua, kijana anahesabu miezi bila barua, anadhani wamekufa wote au wamemfuta. Yupo aliyefikia kusema heri wangemuua.

Nyumba hiyohiyo, miaka miwili nyuma, kijana alipokuwa anatuma dola na mabati mapya yakapanda juu ya paa, nani alikwenda kuuliza makuta yanatoka wapi? Tulikwenda kukopa. Tulimwita mwana mwenye akili, tukawaambia watoto wetu wamwige. Sifa zile zilikuwa na sehemu yake katika safari ile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukitaka kuwa mkali, mdogo wangu, kuwa mkali siku ya mabati, muulize kwa upole akiwa bado yuko huru na anaweza kurudi nyuma.

Na wasichana, ole wao. Kaka akikamatwa, watu wanasema alihangaika kutafuta maisha. Dada akikamatwa na kitu kilekile, uzito uleule, wanaanza na mwili wake: alikuwa wa nani, alilala wapi, mavazi yake yalikuwaje. Sioni mwili wa mtu unahusianaje na kilichoshonwa ndani ya kitambaa cha valizi. Ninyi wavulana mnaocheka maneno hayo, acheni. Nanyi wasichana mnaocheka nao ili msionekane mnamtetea, acheni kwa haraka zaidi.

Hapa nyumbani tungepaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi wa Namoya walitekwa, na mwaka 2019 kampuni ya Banro ikasimamisha kazi kwa ajili ya vita vilivyouzunguka mgodi. Kijana wa Salamabila ambaye hajawahi kushika hata fimbo akitaja kwao mbele ya watu wa mbali, yuko atakayemtazama mara ya pili na kujiuliza kama si mpiganaji wa kundi la Malaika. Inauma, si ndiyo? Kuhukumiwa kwa jina la mahali ulipozaliwa, na mtu asiyetaka kusikia mengine. Basi maumivu hayo yawe na faida. Mwafrika mwenye pasipoti ya Kongo na valizi yenye mashaka anasimama mbele ya askari wa ng'ambo akiwa tayari na doa usoni kwake. Akigeuka nyuma kutafuta watu wake, asikute nao wameshika doa lilelile.

Sikilizeni habari ya Mary Jane Veloso, mama wa watoto wawili kutoka Ufilipino. Mwaka 2010 aliahidiwa kazi ya nyumbani Malaysia na mtu anayemfahamu, mtu wa karibu na familia. Alipofika, kazi haikuwapo. Akaambiwa aende Indonesia siku chache kwanza, akapewa valizi mpya. Uwanja wa Yogyakarta wakakuta ndani yake heroini kilo 2.6. Mahakamani walimtafsiria kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye mwenyewe aliielewa kidogo tu, na wakamhukumu kifo. Miaka mitano baadaye, tarehe 29 Aprili 2015, ndiyo ilikuwa siku ya kupigwa risasi. Lakini nyumbani kwao wazazi hawakujificha. Walisimama barabarani na picha yake, wafanyakazi wa ng'ambo na watu wa dini wakasimama nao, kelele zikawa kubwa, hata yule mwanamke aliyemtafutia kazi akajisalimisha polisi siku moja kabla. Mary Jane akaondolewa kwenye orodha saa za mwisho. Desemba 2024 alirudishwa Ufilipino.

Usiku uleule wanaume wanane walipigwa risasi. Wawili walikuwa Waaustralia, dunia nzima ikataja majina yao. Wanne walikuwa Waafrika wa upande wa magharibi. Majina yao wewe uliyasikia? Sikulaumu. Nasema tu kwamba mtu asiyetajwa na watu wake hatatajwa na wa mbali.

Na sasa nifike pale ninapotaka mkae napo. Aibu tunayowavika hawa vijana inamsaidia mtu mmoja tu, naye ni yule mwenye mzigo. Familia ikinyamaza, hakuna anayejua kijana aliitwa na nani, kwa maneno gani, alipitia wapi, valizi alipewa siku gani. Njia inabaki safi, na mwenye mzigo anarudi tena mtaa uleule, mara nyingine kupitia rafiki yuleyule. Tunadhani tunawalinda watoto wetu kwa kumsema vibaya aliyekamatwa, kumbe tunaizima taa ambayo wangeonea shimo.

Kule Hong Kong alikuwako padri Mwaustralia, John Wotherspoon, mhudumu wa wafungwa. Alikutana gerezani na Waafrika wengi, Watanzania wakiwamo, waliokamatwa na unga, wengine wakikabili miaka ishirini na zaidi. Mwaka 2013 akawahimiza waandike barua kwao, waeleze bila kuficha: nilishawishiwa hivi, niliambiwa nitalipwa hivi, sasa niko hapa. Barua zile zikasomwa mpaka Tanzania, naye mwenyewe akafunga safari kuja Afrika kuonya vijana. Fikirini ugumu wake: mtu amefungwa, ana aibu, halafu anakubali aibu yake isomwe na nchi nzima ili mtoto asiyemjua asipande ndege. Hiyo ni kazi ambayo polisi hawawezi kuifanya. Nasi tunamwita huyo mtu takataka?

Wewe unayesafiri, sasa. Najua mko wengi mnaopita Lulimba na Misisi mpaka Baraka, mkitafuta ng'ambo ya ziwa, na mioyoni mwenu mko mbali zaidi, Dubai, Oman, Uturuki. Siwakatazi. Mtu hazuiwi kutafuta. Ila valizi yako inunue mwenyewe, hata kama ni ya mtumba. Ukipewa, ondoa kila kitu ndani yake, iinue ikiwa tupu. Begi tupu halipaswi kukuvuta bega. Pitisha kiganja chini, kwenye kuta, kwenye mshipi wa kuvutia. Kitambaa cha ndani kikiwa kigumu kama kimebandikwa mbao, au kikinuka gundi mpya, au uzi wa pembeni ukiwa wa rangi tofauti na wa kiwandani, iache hapohapo. Usione haya. Aliyekupa akikasirika umepata jibu lako. Na si valizi tu: kopo la maziwa, viatu, vitenge vilivyokunjwa vizuri mno, dawa za kienyeji "za kumpelekea shangazi". Shangazi ana watu wake wa kumpelekea.

Jiulize pia juu ya safari yenyewe. Nani anakulipia tiketi, na anapata nini? Kwa nini nchi uliyoambiwa jana imebadilika leo? Kwa nini umeambiwa usimwage siri hata kwa mama? Kazi ya halali haiogopi mama. Tangu Desemba 2022 nchi yetu ina sheria inayoadhibu wanaofanya biashara ya kuuza watu, na anayekutuma kwa uongo ukabebe mzigo wake hayuko mbali na hao. Mwulize kwa sauti, mbele ya ndugu wawili. Wengi wao huyeyuka hapo.

Msidhani kwamba mkijilinda hivyo basi aliyekamatwa lazima hakujilinda. Desemba 2018 mwanafunzi mmoja wa Kano, Naijeria, alikwenda umra na mama yake na dada yake. Akiwa Saudia akakamatwa kwa begi lenye tramadoli, likiwa na karatasi ya jina lake. Begi halikuwa lake. Watu wanaofanya kazi uwanja wa ndege wa kwao walikuwa wakibandika majina ya abiria kwenye mizigo ya wauza dawa. Baba yake alipaza sauti, wanafunzi wakaandamana, serikali ikaingilia, na Aprili 2019 akaachiwa baada ya miezi minne gerezani. Kwa wenzetu wa Kasongo wanaojiandaa kwenda Makka nasema: piga picha begi lako kabla ya kulitoa mkononi, hesabu vikaratasi unavyopewa, kimoja kikizidi sema palepale. Na sote tujiulize: binti yule angekuwa wa kwetu, siku ya kwanza tungesema nini juu yake?

Ukikamatwa, Mungu aepushe, sema mapema kwamba unataka ubalozi wa nchi yako ujulishwe. Ni haki iliyoandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, si hisani. Omba mkalimani wa lugha unayoielewa kweli, na kama ni Kiswahili sema Kiswahili. Usitie sahihi usichoweza kukisoma, hata wakikwambia ukisaini unalala nyumbani.

Na ninyi mliobaki, wa familia, msikimbilie kuuza shamba. Simu zitakuja. Mtu atasema yuko karibu na jaji, mtume dola mia tano mtoto atoke kesho. Hatoki. Tafuteni kwanza jina la gereza, jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba yake, kisha mwende na hayo Kindu kwa wakubwa, au mwombe ndugu wa Kinshasa afike wizara ya mambo ya nje. Sheikh wenu na padri wenu waambieni, msiwafiche, wana wenzao huko mbali wanaoingia magerezani.

Kisha mwandikieni. Hata kama mna hasira, na mna haki ya kuwa nayo. Barua ya kwanza iwe fupi: mtoto wake amefika kalasi gani, nani ameolewa, nani amefariki, mvua imeanza au bado. Kwa nini alifanya, msimuulize kwanza, ataeleza mwenyewe siku atakapoweza. Na mkumbuke barua hizo husomwa na askari kabla hazijamfikia, kwa hiyo mambo ya kesi mwachieni wakili wake.